Imamu Ghazali na Mizani ya Hoja

Hapana mji katika mwambao wetu ambao jina la Imamu Abu Hamid al-Ghazali halikufika. Ihya yake husomwa misikitini, na fiqhi ya madhehebu yetu ya Shafii imepita mikononi mwake kabla ya kutufikia sisi, kwani Minhaj ya Imamu Nawawi, wanayoisoma wanafunzi wetu, ni muhtasari wa Muharrar ya Rafii, na Rafii huyo ndiye aliyeisherehesha al-Wajiz ya Ghazali. Hayo yajulikana. Lisilotajwa sana barazani ni kwamba mtu huyu aliwafunza Waislamu kuitambua sura ya hoja: kuona kwamba maneno mawili yaliyo mbalimbali kabisa kwa habari zake, moja la tauhidi na moja la udhu, yaweza kuwa yamepimwa kwa mizani moja. Jambo hilo ndilo tunalokusudia kulieleza, pamoja na maisha yaliyolizaa.

Alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan, mwaka 450 wa Hijra, yaani 1058 au karibu yake. Magofu ya mji huo yako karibu na Mashhad, katika Iran ya leo. Yasimuliwa kwamba baba yake alikuwa msokotaji wa sufu, mtu wa mkono mfupi aliyependa kukaa na wanazuoni, na alipoona mauti yamkaribia aliwausia wanawe wawili, Muhammad (ndiye huyu Imamu wetu) na Ahmad, kwa rafiki yake mcha Mungu pamoja na akiba kidogo ya fedha. Akiba ilipokwisha, yule rafiki aliwashauri waingie madrasa, kwa kuwa huko wanafunzi walipewa chakula. Ghazali mwenyewe alikuja kukiri ukubwani kwamba waliianza elimu si kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, lakini elimu yenyewe ikakataa kuwa kwa ajili ya mwingine. Msomaji na aliweke neno hili moyoni, maana tutalirudia.

Alipokuwa kijana alisafiri mpaka Jurjan kutafuta elimu, na njiani wakati wa kurudi wanyang'anyi wakauvamia msafara. Walichukua kila kitu, na pamoja na mali wakachukua mfuko wa madaftari aliyoandikia masomo yake. Akawafuata akiomba arudishiwe madaftari tu, ambayo hayakuwa na faida kwao. Mkubwa wa wanyang'anyi akamcheka, akamuuliza vipi adai kuwa ana elimu ilhali elimu hiyo imetoka mkononi mwake kwa kunyang'anywa mfuko. Kisha akamrudishia. Ghazali alirejea Tus akakaa miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyoyaandika. Kisa hiki twakipenda kwa sababu ndani yake mna hoja, na mtoaji wake ni mwizi: iwapo mtu ana elimu, basi haiwezekani kuibiwa, nayo yako imeibiwa, basi huna elimu. Mwenye kuisikia hoja hii hawezi kuikwepa, hata akimchukia msemaji.

Kutoka Tus alikwenda Nishapur kwa Imam al-Haramayn al-Juwayni, bingwa wa zama zile katika usuli na ilmul-kalam, akakaa naye mpaka mwalimu huyo alipofariki mwaka 478 (1085). Baadaye aliingia katika mkutano wa Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa masultani wa Kiseljuki, ambako wanazuoni walishindana kwa hoja mbele ya wakubwa. Ghazali aliwashinda, na mwaka 484 (1091) waziri akamweka mudaris wa madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na kitu, na wanafunzi mia tatu walikaa mbele yake.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwa sababu mtu huyu aliyewashinda watu wote kwa hoja alikuwa amekwisha shindwa na nafsi yake. Katika al-Munqidh min al-Dalal, kitabu alichokiandika kuelekea mwisho wa umri wake, asimulia kwamba alitaka kujua ni elimu gani isiyoweza kuingiwa na shaka. Akaitazama hisi. Jicho hukiona kivuli kimesimama, na baada ya saa yaonekana kimekwenda. Jicho hukiona nyota kuwa na kadiri ya dinari, na hesabu yathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Basi hisi imekadhibishwa na akili. Ndipo akajiuliza: iwapo hisi niliyoiamini imekutwa na hakimu wa kuikadhibisha, ni nani atakayenihakikishia kuwa juu ya akili hapana hakimu mwingine? Maradhi haya yalimkaa kiasi cha miezi miwili. Yeye asema hakuponywa na dalili wala mpango wa maneno, bali na nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake, na zile kauli za mwanzo za akili zikarudi kuwa ni za kuaminiwa. Twalitaja hili ili asije mtu akadhani kwamba Ghazali aliipenda mantiki kwa sababu hakujua mipaka yake.

Baghdad aliisoma falsafa peke yake, bila mwalimu, katika saa alizozipata baina ya darasa na uandishi. Kwa muda usiotimia miaka miwili alizifahamu elimu zao, kisha akakaa karibu mwaka mwingine akizirudiarudia. Akaandika Maqasid al-Falasifa kueleza maneno yao, na baadaye Tahafut al-Falasifa kuyabomoa, katika masuala ishirini. Wengi husimulia habari hii kana kwamba Ghazali aliifukuza falsafa pamoja na vyombo vyake vyote. Sivyo. Mantiki aliibakiza. Ibn Sina, aliyekufa miaka thelathini kabla ya Ghazali kuzaliwa au chini ya hapo, alikuwa ameieleza kwa urefu habari ya hoja zenye sharti, zile zianzazo kwa iwapo na lau, na Ghazali aliichukua habari hiyo, akaisafisha, akaifunza upya katika Mi'yar al-Ilm na Mihakk al-Nazar. Alisema kuwa haina uhusiano na dini kwa kuikubali wala kwa kuikanusha: ni chombo cha kupimia, na chombo hakiwi haramu kwa sababu ya mtu aliyekishika kwanza.

Aliona makosa mawili yakitembea mitaani mwa Baghdad. Mmoja huwaona wanafalsafa wamesadiki katika hesabu na kupatwa kwa jua na mwezi, akasema moyoni mwake kuwa lau dini ingalikuwa ni kweli isingaliwafichika watu hodari namna hii. Wa pili ni rafiki mjinga wa Uislamu, adhaniye kuwa dini hunusuriwa kwa kukanusha kila walisemalo wale, hata hesabu ya kupatwa kwa jua. Na msikiaji ajuaye hesabu hiyo kuwa ni kweli huishia kuutilia shaka Uislamu wenyewe. Watu hawa wawili ni maadui, lakini hoja zao ni ndugu. Kila mmoja amemtazama msemaji badala ya kulitazama neno. Ghazali alitoa mfano wa Mnasara anayesema kuwa hapana mungu ila Mwenyezi Mungu na kwamba Isa ni mtume wake: je, tuyakanushe maneno hayo kwa kuwa yametoka kinywani mwa Mnasara?

Kisha likaja lile lililomtoa Baghdad. Nizam al-Mulk aliuawa mwaka 485 (1092), sultani akafuata, na mji ukajaa fitina. Lakini si hilo alilolitaja Ghazali. Asema aliitazama nia yake katika kufundisha, akaona si halisi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Msukumo wake ulikuwa cheo na kuenea kwa jina. Kuanzia mwezi wa Rajabu 488 (1095) alivutwa huku na huku karibu miezi sita, asubuhi aazimia kuondoka na jioni arudi nyuma, mpaka ulimi wake ukafungika darasani, asiweze kutamka neno mbele ya wanafunzi, na chakula kikamkataa. Waganga walisema ugonjwa umetoka moyoni. Sisi twaiona hapa hoja ile ile ya mwizi wa njia ya Jurjan, mara hii Ghazali akijipimia mwenyewe: iwapo elimu hii ni ya Mwenyezi Mungu, nafsi yangu haitakufa kwa kukiacha kiti, nafsi yangu yafa kwa kukifikiria kukiacha, basi si yake. Yeye hakuipanga kwa maneno haya; ni sisi tunaoipanga. Akagawa mali yake, akabakisha kadiri ya kumtosha na ya watoto wake, akaondoka mwezi wa Dhulkaada. Alikaa Sham, akazuru Baytul Maqdis na kaburi la Nabii Ibrahim, akahiji, kisha akarudi kwao Tus.

Katika miaka hiyo ya upweke aliandika kitabu kidogo kiitwacho al-Qistas al-Mustaqim, mizani iliyonyoka, na hapo ndipo twafikia kiini cha maneno yetu. Kitabu ni mazungumzo baina yake na mtu wa kundi la Batiniyya waliojulikana pia kwa jina la Taalimiyya. Hoja ya watu hao twaweza kuiweka hivi: iwapo akili ingalitosha kuijua haki, watu wa akili wasingalihitilafiana, nao wamehitilafiana, basi akili haitoshi, na lazima kumfuata imamu aliyehifadhiwa na makosa. Sura ya hoja hii haina kombo. Ila fungu lake la kwanza ni bovu, kwani wafanya hesabu wakikosana katika jumla, hatusemi kuwa hesabu yenyewe haitoshi, bali twasema kuna aliyekosea, arudi aanze upya.

Yule mtu akamuuliza Ghazali wapimia nini maarifa. Akamjibu kuwa apimia mizani iliyotajwa katika Qur'ani, na kwamba mizani hiyo yatokana na Qur'ani yenyewe. Akamtolea tano. Tatu tutazipita haraka, ingawa moja yao yachukua ile hoja ya Nabii Ibrahim kwa mfalme aliyejidai uungu, kwamba Mola wake hulileta jua kutoka mashariki. Iliyo muhimu kwetu ni ya nne, aliyoiita mizani ya talazum, yaani ya kulazimiana, ambamo jambo moja likiwapo la pili halina budi kuwapo.

Aliifungua kwa aya ya 22 ya Sura al-Anbiyaa. Maana yake ni kuwa lau mbinguni na ardhini mngalikuwamo miungu mingine badala ya Mwenyezi Mungu, vyote viwili vingaliharibika. Fungu la pili, ambalo ni kuharibika, twaliona kwa macho kuwa halikuwa. Basi fungu la kwanza nalo halikuwa. Aya imesema nusu, na akili ya msikiaji imetimiza nusu nyingine bila ya kufundishwa.

Sasa tuweke kando ya aya hiyo mfano alioutoa katika vitabu vyake vya mantiki na usuli, kwa kuwa unatoka chuoni mwetu. Iwapo sala ya mtu ni sahihi, basi mtu huyo ana tohara. Tukijua kwamba sala yake ni sahihi, tumekwisha jua kuwa ana tohara. Tukijua kwamba hana tohara, tumekwisha jua kuwa sala yake si sahihi. Njia hizi mbili ziko wazi. Lakini je, tukijua kuwa ana tohara, twaweza kuhukumu kuwa sala yake ni sahihi? Hatuwezi: huenda amesali kabla ya wakati, au ameipa kibla mgongo. Na tukijua kuwa sala yake si sahihi, twaweza kuhukumu kuwa hakuwa na tohara? Hatuwezi pia, kwa sababu hiyo hiyo. Kila mtoto aliyesoma Safina ajua haya, na akimwambia mwenziwe kuwa sala yake imebatilika kwa kuwa udhu wake umetenguka, ametumia mizani ile ile iliyomo katika aya ya tauhidi, ameliondoa fungu la pili na la kwanza likaondoka nalo. Hapana haja ya kujua jina la mizani. Mtu hupima nazi na sukari umri wake wote bila ya kujua chuma kilifuliwa wapi.

Kwa nini njia mbili zifunguke na mbili zifungwe? Jawabu la Ghazali ni kwamba fungu la pili huwa pana kuliko la kwanza. Wenye tohara ni wengi kuliko wenye sala sahihi. Aliye ndani ya chumba yumo ndani ya nyumba, na si kila aliye ndani ya nyumba yumo chumbani. Ndiyo maana akaongeza kuwa pale ambapo mafungu mawili yana upana mmoja, njia zote nne hufunguka, kama tusemapo kuwa iwapo jua limechomoza basi ni mchana. Hapo waweza kuanzia popote. Hatari ni mtu kuichukua kauli ya namna ya sala na tohara akaiendesha kama ya jua na mchana.

Na hatari hiyo tunayo majumbani. Mtoto ana homa, afungwa hirizi, apona, na mama mtu asema hirizi imefaa. Iweke hoja yake kando ya mfano wa sala: iwapo hirizi yaponya, mtoto atapona, mtoto amepona, basi hirizi yaponya. Hii ni sawasawa na kusema ana tohara, basi sala yake ni sahihi. Homa ina njia nyingi za kuondoka. Twamwonyesha mama mtu huyu mfano wa udhu, wala hatumkemei, kwa kuwa mfano wa udhu ataukubali kabla ya kujua unampeleka wapi.

Nasi tunaojiita watu wa kutengeneza tusijione tumesalimika. Mara ngapi tumesema barazani kuwa mwenye itikadi fulani mbovu huhudhuria mahali fulani, na fulani ameonekana mahali hapo, basi itikadi yake ni hiyo? Mlango tulioingilia ni ule ule wa mama mwenye hirizi, na tulilolibeba sisi ni zito zaidi, maana ni heshima ya Mwislamu. Ghazali aliandika kitabu kizima, Faysal al-Tafriqa, kuwazuia watu wasikimbilie kukufurishana.

Katika Qistas aliitaja pia mizani ya shetani, iliyofanana na ya kweli ila kwa ufa mdogo. Akatoa mfano wa mtu kusema kwamba Mungu ndiye mkubwa kupita wote, na jua ndilo kubwa kupita nyota zote, basi jua ni Mungu. Vitu viwili vimeshiriki sifa moja, na mpimaji amevifanya kimoja. Ukiuchungua ufa huu utaona ni jamaa wa karibu wa ule wa hirizi, ingawa hamna ndani yake neno iwapo.

Mwaka 499 (1106) waziri Fakhr al-Mulk, mwana wa Nizam al-Mulk, alimwita kufundisha Nishapur, akaenda kwa muda. Mwaka 503 (1109) alimaliza al-Mustasfa katika usuli wa fiqhi, akaitanguliza kwa dibaji ya mantiki, na humo akasema kwamba asiyeijua elimu hiyo maarifa yake hayaaminiki. Neno hili liliwaudhi wengi. Ibn al-Salah, aliyefariki 643 (1245), alilikataa kwa ukali na kutoa fatwa dhidi ya mantiki. Ibn Taymiyya, aliyefariki 728 (1328), aliona kuwa akili salama haiihitaji mantiki ya Wayunani na akili nzito hainufaiki nayo, na kwamba mizani ya Qur'ani ni uadilifu na kukilinganisha kitu na mfano wake, si kanuni za Wayunani zilizovishwa nguo nyingine. Sisi twaona Ibn Taymiyya ameshika haki katika hili, na kwamba Ghazali alipita mpaka kwa neno lake la dibaji: masahaba walihukumu kwa haki bila ya Mi'yar. Kadhalika dai lake kwamba watu wa kale waliitoa mizani hii katika vitabu vya Ibrahim na Musa hakulitolea dalili. Lakini tofauti ni juu ya jina na sifa za chombo. Kuhusu mwenye udhu asiyeelekea kibla, hapana kati yao aliyekhitilafu.

Alirudi Tus, akajenga kando ya nyumba yake madrasa ya wanafunzi na mahali pa masufi, akagawa siku zake baina ya Qur'ani, hadithi na darasa. Kitabu chake cha mwisho, Iljam al-Awamm, alikimaliza siku chache tu kabla ya kufa, na mada yake ni kuwazuia watu wa kawaida wasizame katika ilmul-kalam. Wako waonao hapa kwamba ameyavunja aliyoyajenga. Sisi hatuoni hivyo, kwani kumzuia mtu asiogelee baharini si kumzuia asipime sukari dukani. Ila twakiri kuwa kitabu hicho chasomeka vigumu kwa aliyetoka kuisoma Qistas.

Nduguye Ahmad alisimulia kwamba asubuhi ya Jumatatu, tarehe 14 Jumada al-Akhira 505, sawa na 18 Disemba 1111, alitawadha akasali, akaagiza sanda yake, akaipokea, akaibusu na kuiweka juu ya macho yake. Akanyoosha miguu, akaelekea kibla, na kabla ya jua kupanda alikuwa amekwisha fariki. Akazikwa Tabaran, katika mji wa Tus. Mwenyezi Mungu amrehemu.